Mwanamke wa Kwenye Kadi ni Mama Yako

Mwanangu Zaina,

Salamu nilikupa asubuhi uliponiletea maji ya kunawa, na hali yangu umeiona kwa macho yako, kwa hiyo sitamaliza wino kwa mambo hayo. Naandika hapa barazani, jua la alasiri bado lina nguvu, na wewe uko ndani na mama yako mnafunga mizigo. Namsikia akikuonyesha namna ya kuziba vibuyu vya mawese visimwagike njiani, na kukuambia ndagala zikae mbali na nguo zisije zikanuka samaki. Mambo ya nyumba, ya mume na ya wakwe anayajua yeye kuliko mimi, sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu. Ni jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Kesho alfajiri mtapanda chombo kwenda Kigoma, na kutoka huko gari la moshi litawafikisha Dar es Salaam. Unakumbuka siku ile Salehe alipokuja na wazee wake kuposa, akatueleza kazi yake ya posta, akasema barua zote za Wazungu zinapita mikononi mwake, na kadi zenye picha pia? Nilikohoa, nikatoka nje. Mlidhani nimepaliwa na kahawa. Sikupaliwa. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka moyo utulie.

Huko unakokwenda, maduka yanauza kadi hizo. Wazungu wanazinunua, wanaandika maneno mawili matatu, wanazipeleka kwao. Siku moja, pengine dukani, pengine mkononi mwa mumeo, utaona kadi ya mwanamke amesimama mbele ya ziwa, kifua wazi, kiunoni amefungwa nguo ya gome la mti, mtungi begani. Chini yake pameandikwa maneno ya Kijerumani. Wewe herufi unazijua lakini lugha huijui. Salehe anaijua. Nataka uyasikie kwangu kabla hajakusomea yeye. Yanasema hivi: "Mwanamke mshenzi wa Ziwa Tanganyika. Hajui haya."

Mwanamke huyo ni mama yako, na mimi ndiye niliyemwambia avue nguo.

Nilipomaliza kuandika mstari huo niliinuka nikatembea mpaka kwenye njia ya ziwani, nikarudi. Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nikiutunga kichwani, nikiuzungusha, nikitafuta namna ya kuusema ambayo itaniacha na uso kidogo mbele yako. Haipo. Basi nitakueleza ilivyokuwa, tangu mwanzo.

Wewe ulikuwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa mkalimani wa boma, kijana niliyetoka Ujiji, kanzu safi, kofia safi, na Kijerumani nilichojifunza kwa kusikiliza na kwa kupigwa. Nilijiona mtu mkubwa sana. Mama yako aliitwa Butoyi, jina la mtoto wa pili wa mapacha, mzaliwa wa milima iliyo juu ya Minago. Alipoolewa nami akaingia dini, akaitwa Mwajuma, lakini watu wa soko walizidi kumwita Butoyi. Aliuza mawese hapa Rumonge. Hakuna mwanamke pwani yote hii aliyevaa kama yeye. Kanga zake alizichagua kwa watu wa misafara kabla hazijashushwa chini, na kilemba chake alikifunga kwa namna ambayo wenzake walijaribu kuiga wakashindwa. Asubuhi alikuwa akikuweka mgongoni, mtungi kichwani, na alipopita wanaume waliacha kuzungumza.

Ndipo akaja Mzungu mmoja kutoka Usumbura ambaye watu walimpa jina la Bwana Sanduku, kwa ajili ya sanduku lake la picha lenye miguu mitatu. Hakuwa mtu wa serikali. Alikuwa akizunguka pwani yote ya ziwa akipiga picha za kuuza Ulaya, za kadi na za magazeti yao. Bwana mkubwa wa boma akaniazima kwake. Akaniambia, "Utamsaidia huyu. Akiridhika, nitakufanya mkalimani wa kwanza." Neno hilo, mwanangu, "wa kwanza", lilinikaa kichwani kama ulevi.

Bwana Sanduku alitaka wanawake. Nikamwambia mke wangu ni mzuri kuliko wote, na nilisema kwa majivuno. Kwa hiyo sikulazimishwa na mtu kumtaja. Nilimtaja mwenyewe.

Mama yako alifurahi. Alioga, akapaka mafuta, akavaa kanga mbili mpya na shanga za mama yake. Alisimama mbele ya ziwa, wewe ukiwa mgongoni umelala, mkono mmoja ameuweka kiunoni kama anavyofanya akibishana bei. Bwana Sanduku akaingia chini ya kitambaa chake cheusi, akapiga. Picha hiyo ilipigwa, Zaina. Kioo chake, kile kinachoshika picha, nilikiona kwa macho yangu. Ungemwona mle ungesema, ndiye huyu mama yangu niliyemzoea, anakaribia kucheka na bado hajacheka.

Mzungu akatoka chini ya kitambaa, akatikisa kichwa. Akaniambia kwa Kijerumani, "Hii haifai. Mwanamke wa nguo hizi nitampata Unguja au Mombasa. Kule kwetu hawanunui hii. Mwambie avue, afunge gome kama watu wa mlimani. Na mtoto amtoe, mtoto anamfanya aonekane mama wa mtu."

Maneno hayo nayakumbuka kama yalivyotoka. Kazi ya mkalimani ni kuyachukua maneno hapa na kuyaweka pale yakiwa mazima. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikijivunia. Lakini sikumwambia mama yako alivyosema. Nilimwambia, "Bwana anasema mke wa mfalme wao anataka kujua mavazi ya zamani ya Warundi, ya bibi zako. Atakayeiona ni yeye na wanawake wa nyumba yake basi."

Mama yako akanitazama.

"Nivue kanga?"

"Muda mfupi tu."

"Mbele ya huyu?"

"Huyu hatazami. Anatazama kioo chake."

"Na weye unasema nini?" akaniuliza. "Si yeye. Weye."

Nikamjibu, "Ni picha tu."

Akakutoa mgongoni, akakuweka mikononi mwangu. Ukaamka, ukalia. Nikakubembeleza huku nikitazama mawimbi, maana sikuweza kutazama upande ule. Mzungu alikuwa na nguo ya gome katika mizigo yake, amekwisha kuitumia kwa wengine. Mama yako alivua kanga akazikunja vizuri, moja juu ya nyingine, akaziweka juu ya jiwe. Kilemba pia akafungua. Bwana Sanduku akaniagiza nimwambie acheke. Nikamwambia. Hakucheka. Alitazama sanduku moja kwa moja, na ndivyo alivyotoka kwenye kadi. Wazungu wakiutazama uso ule wanaona ukali wa porini. Mimi nimelala na uso ule ndani ya macho yangu, na najua ulikuwa ukinitafuta mimi niliyesimama nyuma ya sanduku.

Mzungu alipomaliza, alikichukua kile kioo cha kwanza, cha kanga, akakikwangua ili akitumie tena. Mbele yangu. Nikamshikia kitambaa cha kufutia.

Nilipata ukalimani wa kwanza. Nilinunuliwa viatu.

Miezi ikapita, kisha likaletwa bomani bunda la kadi, zawadi kutoka kwa Bwana Sanduku. Bwana mkubwa akanipa moja, akacheka akasema, "Hii yako." Hapo ndipo niliposoma maneno yaliyoandikwa chini. Nikayasoma mara ya pili nikidhani nimekosea neno. Halafu, mwanangu, nikacheka pamoja naye. Sijui kwa nini. Ndiyo, najua. Alikuwa akinitazama aone kama nitacheka.

Kadi nikaja nayo nyumbani kwa sababu mama yako alikwisha kusikia kwa askari kwamba zimefika. Akaishika kwa ncha za vidole. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Kisha akauliza, "Hapa chini wameandika nini?"

"Wameandika, mke wa mkalimani, Rumonge."

Akatulia. Ungeuona mwili wake ulivyolegea kidogo. Akasema, "Basi angalau wamesema mimi ni mke wa mtu." Akaifunga ndani ya kitambaa, akaitia chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Mimi nikala chakula changu.

Ungedhani nilitosheka hapo. Wengine wangetosheka. Kiangazi kilichofuata Bwana Sanduku akarudi, akaniomba tena, nikaenda naye. Safari hii nilikuwa najua. Nataka ulielewe hili, maana la mama yako naweza kujidanganya kwamba sikujua litakwenda wapi. La Bugarama siwezi.

Tulipanda milima mpaka Bugarama. Tukakuta nyumba moja wamefiwa na mtoto. Mama wa mtoto alikuwa amekaa nje, amenyoa nywele, amejipaka majivu, mdomo umekauka, hata salamu hakuitikia. Mzungu akasimamisha mizigo papo hapo. Akasema, "Huyu." Nikamwambia Bwana, huyu amefiwa. Hilo nilimwambia. Akasema, "Vizuri zaidi, hatatikisika." Mume wa yule mwanamke akaja kuniuliza tunataka nini. Nikamwambia Mzungu ni mganga, ana sanduku la kutazama ugonjwa ndani ya watu, na kama mkewe atatazama mle ugonjwa uliochukua mtoto hautarudi. Yule baba akapiga magoti, akanishukuru. Akanishika mikono yote miwili, Zaina. Akaenda akamwinua mkewe kwa kumbembeleza, akampeleka mbele ya sanduku, akamshika kichwa asikiinamishe.

Picha ile nimeiona baadaye katika gazeti lao, bomani. Walikuwa wameandika, "Mchawi wa milima ya Urundi." Na karibu ukurasa mzima wa maneno juu ya wanawake wa huku kwetu, kwamba hawapendi watoto wao kama wanawake wa kwao wanavyopenda, kwamba wanauzwa kwa mbuzi na hawaoni vibaya, kwamba wanazeeka upesi kwa sababu ya mioyo yao. Aliyeandika hakupata kulala hata siku moja katika nyumba ya huku. Lakini picha ilikuwepo, na nani atabishana na picha? Nilifunga gazeti nikalirudisha mezani, nikalinyoosha lisiwe na mkunjo.

Jina la yule mwanamke silijui. Sikuuliza. Nimepanda Bugarama mara mbili tangu hapo, kwa biashara ya chumvi, na mara zote mbili nimepita njia ya mbali.

Sasa nakuja kwenye siku ambayo mama yako alijua.

Ulikuwa umetimiza miaka minne au zaidi kidogo. Karani mmoja kutoka pwani ya bahari alikuwa akipita Rumonge na msafara wa serikali, akaingia sokoni kununua mawese. Akamtazama mama yako, akatazama tena, akaanza kucheka. Akasema kwa sauti, "Kumbe ni wewe. Wewe ni yule wa kwenye kadi. Dar es Salaam kila Mzungu anakujua." Mama yako akamjibu kwa heshima, akasema ndiyo, mimi ni mke wa mkalimani, imeandikwa. Yule karani akacheka zaidi. Akamwambia yaliyoandikwa, neno kwa neno, kwa Kiswahili safi, na wanawake wa soko wote wanasikia.

Mimi nilikuwa nyumbani, nimekaa hapa hapa barazani nakula ndizi. Nikamwona anakuja bila mtungi. Akapita ndani, akarudi na kadi, akaiweka juu ya mkeka mbele yangu.

"Nisomee."

Nikajua. Lakini ulimi wa mwongo una njia yake, unapita pale ulipozoea kupita. Nikasema, "Mke wa mkalimani, Rumonge."

"Soma tena."

"Mama Zaina..."

"Soma kilichoandikwa."

Sikuweza. Akakaa kitako mbele yangu, akakisoma yeye, yeye asiyejua herufi moja, kidole chake kikipita juu ya maneno kutoka upande wa kushoto kama alivyoniona nikifanya. "Mwanamke mshenzi wa Ziwa Tanganyika. Hajui haya." Kidole kilipofika mwisho akakiinua. Akanitazama akasema, "Haya."

Hakusema zaidi ya hapo. Sijui hata leo alikuwa akirudia neno la kwenye kadi au alikuwa akiniambia nimekusikia, yameisha. Nililia. Yeye hakulia. Alijifunga kanga upya, akaichukua kadi, akarudi sokoni.

Nilimfuata mpaka kwenye kona ya nyumba ya fundi wa mitumbwi, nikasimama hapo kama mwizi. Nikamwona akitandika mkeka wake, akaiweka kadi juu, kati ya vibuyu, kila mtu aione. Akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei, "Njooni mtazame. Huyu ni mimi. Hivi ndivyo walivyoandika. Na mume wangu aliniambia wameandika kitu kingine. Mkitaka kunong'ona, nong'oneni sasa nikiwa nasikia." Wanawake wakaja mmoja mmoja. Wakainama, wakaitazama. Mwishowe mwanamke mmoja mzee, muuza muhogo, akaishika kadi, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Mbona wamekunyang'anya kilemba? Bila kilemba si wewe huyu." Mama yako akacheka. Wote wakacheka, kicheko kirefu chenye machozi ndani, wengine wakamshika mabega. Kisha wakarudi kuuza.

Kwao jambo liliisha siku hiyo. Yeye hakuingia ndani kujificha, na soko zima likamfunika. Walikubaliana wewe usiambiwe, na hawakukuambia, miaka yote hii, wale wanawake ambao hawawezi kufunga mdomo juu ya kitu chochote.

Lakini mimi hawakunifunika. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini watu sokoni wananiita Pichatu. Nikakuambia ni kwa sababu ninapenda picha. Ukaniamini, ukawa unajisifu kwa wenzako kwamba baba yako ni Pichatu. Sasa unajua lilikotoka. Mama yako aliwaeleza nilichomjibu siku ile alipouliza weye unasema nini, nao wakanipa jina. Nimeitwa hivyo na watu ambao hata hawajui maana yake. Nimeitika.

Na ulishangaa pia kwa nini mama yako alikutia mkononi mwa mwalimu ukiwa mdogo kuliko wenzako wote wa kike, na kwa nini karatasi yoyote iliyoingia nyumba hii, ya boma, ya ndugu, ya biashara, alikuita wewe uisome, nami mkalimani wa kwanza nimekaa pembeni. Ulikuwa ukinitazama kwa huruma. Usinihurumie. Alikuwa na haki.

Utauliza kama niliacha kazi ile. Ningependa kukuambia kwamba nilimtupia Mzungu vitu vyake miguuni. Sikufanya hivyo. Niliacha kwa sababu Bwana Sanduku hakurudi tena, nikasikia amekwenda upande wa Kongo. Kama angerudi mwaka ule, sijui. Ukalimani wa boma niliendelea nao miaka mingine mitatu. Kitu kimoja tu kilibadilika. Nikianza kutafsiri neno la mtu, jasho linanitoka, nasikia sauti ya mama yako ikisema soma kilichoandikwa. Nikawa nasema kilichosemwa, kikiwa kitamu au kichungu. Bwana mkubwa akanichoka. Ndivyo nilivyoingia kwenye chumvi.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekinunua ghali kwa mali ya mwingine. Nilidhani ubaya uko kwa yule aliye chini ya kitambaa cheusi. Ubaya wake upo, mimi sio wa kumtetea. Lakini yeye alikuwa mgeni, hakuwajua wanawake wale, wala hakutaka kuwajua. Mimi nilimjua mama yako. Nilijua anavyocheka na anavyobishana bei, nilijua anavyokuimbia ukiwa na homa. Nilikuwa na yote hayo, nikayaweka kando ili mtu aridhike nami. Yule Mzungu hawezi kuuza uongo mpaka apate mtu wa ndani wa kumfungulia mlango, na mlango wa nyumba yetu niliufungua mimi.

Nimewaza nikuambie ukiikuta kadi ile uinunue uichane. Nilipomweleza mama yako juzi, akasema, "Oya, asichane. Atachana ngapi? Akiiona, autazame uso, basi." Kwa hiyo nakuambia hivyo. Mumeo akiwa ameishika, usigeuze macho. Mwambie huyu ni mama yangu, jina lake Butoyi, mke wa mtu, ameuza mawese Rumonge maisha yake yote, na maneno yaliyoandikwa hapo ni uongo. Kama atacheka, utakuwa umejua jambo juu yake mapema. Sidhani atacheka. Nimemtazama kijana huyo vizuri, nikimtafutia kasoro yangu mwenyewe, na bado sijaiona.

Na utaona nyingine. Wanawake wa Bukoba, wa Tabora, wa Kimasai, wote wamesimama, wote wametazama mbele, chini yao neno moja au mawili na hakuna jina hata moja. Mimi siku hizi nikikutana na picha ya namna hiyo namtafuta mkalimani. Hayumo kwenye picha, lakini alikuwepo. Kuna mtu alisimama nyuma ya sanduku amebeba kanga zao.

Nilikuwa nimalizie hapa. Lakini nimeona si sawa kuandika habari za mtu mara ya pili bila yeye kuzisikia. Nikamwita mama yako aje barazani, nikamwambia nimemwandikia Zaina, nataka usikie kabla sijafunga. Nilitazamia amwite mwingine amsomee, maana wewe mwenyewe huwezi kuisoma leo. Akafuta mikono, akakaa. Akasema, "Soma."

Nimemsomea yote, mstari kwa mstari, pamoja na Bugarama ambayo hakuijua. Kwenye Bugarama alifumba macho. Nilipomaliza ng'ombe walikuwa wakipita, akawaangalia mpaka wakaisha. Kisha akasema, "Pale kwenye jiwe umekosea."

Nikauliza nimekosea nini.

"Umeandika ulinidanganya. Mke wa mfalme, mavazi ya bibi. Nani alikuamini? Mimi ni mutu wa soko, Rashidi. Kila siku watu wananidanganya bei kutoka asubuhi. Ulipokuwa unasema, mikono yako ilikuwa inatetemeka. Ulikuwa unamuogopa yule mutu kama mtoto anavyoogopa fimbo. Na wavuvi walikuwa pale wanatazama. Nikaona, nikikataa, atakupiga mbele yao, au atakutukana, na utarudi nyumbani ukiwa si mwanaume. Nikavua upesi ili yaishe. Nilivua kwa sababu nilikuonea haya weye."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Ungejisikia vibaya," akasema.

Akaniambia niyaandike hayo kama alivyoyasema, nisiyapambe. Nimeyaandika. Zaina, miaka kumi na minne nimebeba jambo hili nikiamini angalau nalijua lilivyo, na sikulijua. Sasa amekwisha kuinuka, yuko mlangoni anakuita uje ushike upande wa pili wa mzigo ili aukaze kamba, nawe unaitika "naam mama", nami nimekaa na kalamu yangu, naona haya hata kuinua kichwa mkipita.

Nenda salama, mwanangu. Usome hii ukiwa mbali na hapa, ukiwa peke yako.

Ni mimi baba yako,
Rashidi, Rumonge